Mfungo wa Pili

Cheptiret, Eldoret
Jumatatu, 14 Januari 2008

Kwako dada yangu Nyakio, Mama Linah,

Bwana asifiwe. Nakuandikia nikiwa nimekaa juu ya gunia la mahindi ndani ya stoo yetu, karatasi iko juu ya goti, kwa hivyo mwandiko usiucheke. Walubengo wa lori ameniambia alikuona kwa macho yake hapo kwa uwanja wa maonyesho mlikokimbilia, umejifunga leso kichwani, unagombana na mtu kwenye foleni ya maji. Nikasema huyo ni Nyakio kweli, yuko hai. Nililia halafu nikacheka. Walubengo ni mtu wa Webuye, si wenu wala wetu, vizuizini bado wanampitisha, na amekubali kuwa posta yetu. Simu yako nimesikia ilipotelea njiani, na hata ungekuwa nayo, siku hizi mtu akishika simu kila mtu anageuza shingo asikie anaongea lugha gani.

Kuhusu nyumba sitakudanganya. Mabati yako chini, kuta zimesimama. Lakini banda la kuku huko nyuma halikuguswa, labda moshi ulilificha. Mlango ulikuwa umefungwa na kufuli lako, vile ulivyouacha.

Dada, mimi nilikuwa nikiwasikia kuku zako kutoka jikoni kwangu. Vijana walikuwa wamekaa hapo barabarani na hakuna mtu angeonekana akiingia kwako. Siku za kwanza kuku walipiga kelele sana. Baadaye wakapunguza. Halafu wakanyamaza kabisa, na hiyo kunyamaza ndiyo ilinitoa nyumbani. Vijana walikuwa wamehamia upande wa Burnt Forest. Bwana wangu Kigen alivunja kufuli, hakuniuliza chochote, akashika gunia na mimi nikashika lingine. Wengi walikuwa wamekufa. Walio hai walikuwa wamelala chini na shingo zimenyooka, mtu angewashika kama nguo. Ile jerikeni yako uliyotoboa ya kunyweshea ilikuwa bado na maji kidogo chini, na nafikiri ndiyo iliyowaokoa.

Sasa wako hapa stooni na mimi. Kigen amepigilia bati kwenye matundu yote ili mtu asione ndani. Nimewapa mahindi na maziwa lala, wamekula kama wageni wa harusi. Hata jogoo wako yule mwenye kiburi amepona, ila hawiki.

Kigen anauliza ninawaweka kwa nini, mtu akijua tuna mali yako tutaelezaje. Nimemwambia hivi: Nyakio akirudi, akute kitu kinachopumua ambacho ni chake. Hiyo tu ndiyo hesabu yangu. Nakutaka hapa, dada. Jumatano za kina mama kanisani, tukiimba, bila wewe hakuna wa kushika sauti ya pili.

Wako katika Kristo,
Naomi, Mama Chepkirui


Uwanja wa Maonyesho, Eldoret
20 Januari 2008

Mama Chepkirui,

Barua yako imenipata. Niliisoma kwa sauti, Linah akisikiliza, kwa sababu hapa hata habari ya kuku ni karamu. Tulipofika kwa jogoo tukacheka mpaka watu wa hema la pili wakauliza tumepewa nini.

Usiogope juu ya hao kuku. Umesahau mimi huwafungisha kila mwaka? Mwanzoni mwa Desemba niliwanyima chakula siku kadhaa, maji tu, ili wanyonyoke manyoya ya zamani, wapumzike kutaga, halafu warudi wapya. Wewe mwenyewe ndiwe uliyeuita mfungo wa kuku, ukasema hata hao watakuwa wakristo. Walikuwa ndio wameanza kuota manyoya mapya wakati haya yalitupata. Basi huo wa sasa ni mfungo wa pili. Wamezoea. Watatoka hapo wakitaga kuliko mwanzo, utaniambia. Na uache kuwapa maziwa, utawaharibu tabia.

Sisi tuko sawa. Tunakula. Linah ni mzima, anakusalimu. Kama una leso ya ziada, ile kubwa, mpe Walubengo. Usiku kuna baridi.

Kigen mwambie asante. Mwambie kufuli nitamdai.

Nyakio


Cheptiret
3 Machi 2008

Nyakio dada,

Mungu ni mwema! Wakubwa wameshikana mikono huko Nairobi, umesikia kwa redio? Hapa watu walitoka nje wakasimama barabarani wakiangaliana kama watu walioamka usingizini. Jumapili mchungaji alituambia tusalimiane, na tukasalimiana, ingawa viti vyenu vilikuwa vitupu na kila mtu aliangalia chini alipofika hapo.

Sasa sikia habari njema. Ulisema kweli! Kuku zako wamenenepa. Nawabeba mmoja mmoja, nawapima kwa mkono vile mtu anavyopima mtoto, na ni wazito. Manyoya yamerudi. Na wiki iliyopita wameanza kutaga. Nilipoona yai la kwanza nilipiga magoti hapo hapo kwenye mavi yao. Nimesema, Bwana, waliofunga wamefufuka.

Jogoo naye amefungua mdomo. Aliwika asubuhi Kigen akiwa anakunywa chai, na wetu akamjibu huko nje. Kigen akaweka kikombe chini, akasema, “Mama Chepkirui, kila mtu anajua sisi tuna jogoo mmoja.” Nikamwambia watu hawahesabu majogoo. Akasema, “Huyo anawika kwa sauti ya Nyakio, hata kiziwi atajua ni nani.” Tumemfunika na debe, akawika ndani ya debe, ikawa mbaya zaidi.

Kwa hivyo bado nawafungia. Kuna Kipyego, yule kijana wa trekta anayekaa hapo juu. Amefunga ng'ombe zake kwenye shamba lako, anasema ni nyasi tu inaharibika. Hajasema zaidi, na mimi sijamuuliza zaidi.

Mayai yakitosha nitamlalisha yule kuku mwekundu juu yake. Nataka ukifika ukute vifaranga, ukute kwako kumeanza upya. Njoo basi. Mambo yamerudi. Usikae sana huko mpaka watu wazoee kutokukuona. Leso nimempa Walubengo, ni ile ya zambarau niliyovaa harusi ya Kimutai.

Naomi


Nyahururu
30 Machi 2008

Mama Chepkirui,

Tumetoka kambini, tuko kwa kaka yangu. Chumba ni kimoja lakini kina paa.

Leso ilifika. Nimeitengea kazi nzuri kuliko unavyofikiria.

Usiniharakishe, Naomi. Unasema mambo yamerudi. Yamerudi kwako. Mimi bado nikisikia trekta nasimama, tayari kukimbia. Ng'ombe wa Kipyego wale tu hiyo nyasi, lakini mwambie, au usimwambie, huo mti wa mpeasi kwenye kona ulipandwa na marehemu mume wangu.

Vifaranga nimefurahi. Niandikie wakiangua, niandikie kila kitu, rangi zao na yupi ana hasira. Linah anapenda kusikia. Siku hizi analala sana.

Nyakio


Cheptiret
28 Aprili 2008

Dada Nyakio,

Leo sina habari nzuri, na uliniambia niandike kila kitu, basi nitaandika.

Vifaranga waliangua. Lakini walitoka wadogo, miguu kama nyuzi. Walisimama wakaanguka. Niliwasha jiko la makaa nikawaweka karibu, nikawatilia maji mdomoni na kidole. Siku ya pili walianza kufa, na wamekufa karibu wote. Amebaki mmoja na sijui kama atafika Jumapili. Nilikuwa nimeomba juu ya yale mayai, Nyakio, nikajiuliza niliomba vibaya wapi.

Sasa Chepkirui amekuja likizo. Unajua anasomea mambo ya mifugo pale chuoni, huu ni mwaka wake wa tatu. Nilimpikia mayai ya kuku zako, akapasua moja akaniita. “Mama, angalia hiki kiini.” Nikaangalia. Kilikuwa cheupe cheupe, kama uji. Mimi nilikuwa nayaona kila siku sikuona kitu. Akaniuliza, “Hawa kuku walikaa njaa?” Nikamwambia walikaa, lakini wamepona, hebu wabebe usikie uzito. Akacheka. “Mama, wewe unaona uzito tu. Uzito ndio unarudi haraka kuliko vyote, ndiyo maana unadanganya watu.”

Alinieleza jioni yote tukichambua maharagwe, na nitakueleza vile nilivyoshika, na hili darasa la saba langu. Anasema mwili ni kama jiko. Ukichoma chakula, kuna cheche zinaruka, na hizo cheche zinachoma mwili wenyewe kwa ndani. Mungu ameweka vitu vya kuzima hizo cheche. Vingine mwili unatengeneza, vingine vinatoka kwa chakula, hasa majani mabichi, na vinawekwa akiba kwenye ini. Vina jina refu, antioksidanti, nimemfanya alirudie mpaka akachoka. Ndege akikosa chakula, haachi kuwaka. Anachoma mafuta yake mwenyewe, halafu nyama yake, na cheche zinazidi, na wakati huo huo vizimio vinapungua kwa sababu haleti vingine. Kwa hivyo anaungua kwa ndani huku nje umemwona amekaa kimya tu.

Nikamwambia, “Lakini Mama Linah huwafungisha kila mwaka na wanarudi wapya.” Akasema ndiyo, wakifungishwa mara moja halafu walishwe vizuri na kupumzishwa. “Lakini hawa walifunga Desemba, wakafunga tena Januari kabla akiba haijarudi. Halafu wewe ukawafungia gizani ukawapa mahindi meupe. Wamepata mafuta, lakini ile kinga wangeipata wapi? Na mara wakaanza kutaga. Mama aliyefunga mara mbili bila kupumzika hana cha kumwekea mtoto. Yai linatoka, lakini mtoto anakuja duniani mikono mitupu.”

Basi ndivyo ilivyokuwa. Sisi wawili tulifikiri njaa ni njaa, ya kwanza na ya pili ni moja.

Anasema niwatoe nje wapate jua na majani, yale mnayoita thabai, sisi twaita siwot, yale yanayowasha, ambayo ulikuwa ukiwakatia na kuwachanganyia. Hapa kwangu hayaoti. Yamejaa ukutani kwako tu. Na nikiwatoa Kipyego atawaona. Sijui nifanye nini. Niandikie.

Chepkirui anakusalimu sana na anauliza Linah amenenepa au vipi.

Naomi


Cheptiret
12 Juni 2008

Nyakio,

Nimengoja. Walubengo amepita huko mara nyingi na kila mara nakimbilia lori na anatikisa kichwa. Anasema barua alikupa mkononi, na kila akipita tena hutoki hata kumsalimu, na huyo si wewe.

Nimekaa nikajiuliza nimekukosea wapi. Kama ni vifaranga, nisamehe. Nimerudia kichwani kwamba ni yale maziwa lala niliyowapa, au pengine unaona niliwaua kwa uzembe. Kama ni ng'ombe wa Kipyego, sina nguvu juu yake, na ninaona haya. Kama ni kwa sababu nilikuambia njoo, njoo, sitasema tena.

Yule kifaranga mmoja alikufa.

Kuku bado wako stooni. Wameacha kutaga. Nawatazama, nao wananitazama.

Tafadhali, hata mstari mmoja, hata kama ni wa kunigombeza. Kugombezwa nitaweza, kimya hiki siwezi.

Naomi


Nyahururu
2 Julai 2008

Naomi,

Nitakueleza mara moja na usinijibu haraka.

Ile barua yako ya Aprili ilinikuta kliniki, kwenye benchi, tukingoja. Linah alikuwa kando yangu. Kama kawaida akasema, “Soma, mama, tusikie kuku wa Mama Chepkirui.” Nikasoma kwa sauti. Unajua mimi nasoma haraka, macho yanatangulia. Nilikuwa nimeshasema maneno yote mpaka “mikono mitupu” ndipo nikasikia nilichokuwa nikisoma.

Linah alikuwa amejifungua tarehe tisa Aprili, kabla ya wakati wake. Mtoto alikuwa mdogo sana, tulimfunga kwa ile leso yako ya zambarau ikamzunguka mara nyingi. Wewe hukujua. Hata mimi sikujua ana mimba mpaka tulipokuwa kambini. Ile wiki ya Desemba tulipofunga kanisani tuombee kura amani, yeye alifunga na sisi, hakutaka kubaki nyuma, na hakutaka mtu amuulize kwa nini anakula. Halafu ikaja ile njaa ya njiani. Nilikuandikia kwamba tunakula. Naomi, zile siku za kwanza tulikula mahindi mabichi ya mtu nisiyemjua, na baadaye kambini kilichopatikana tuligawana na watoto wa hema letu, na Linah alikuwa akisema ameshiba. Nilimwamini. Unaona uzito tu, si ndivyo alivyosema mtoto wako?

Basi aliposikia hiyo barua aliinuka, akaniwekea mtoto mapajani, akatoka nje. Hakulia. Usiku huo alikataa kumnyonyesha. Akaniambia, “Mama, nitampa nini? Sina kitu ndani. Umesoma mwenyewe.” Siku mbili tulimpa mtoto maziwa ya kijiko. Nesi alikuja hapa nyumbani akamkemea, akamwomba, akakaa naye mpaka akamrudisha mtoto titini. Ananyonyesha sasa. Lakini anamwangalia mtoto kama mtu anayemdai na hana cha kulipa.

Nilikasirika na wewe. Nilijua hukujua na nilikasirika hivyo hivyo. Nilisema, yule mwanamke amekaa kwake, ana mahindi, ana bwana, ananiandikia mafundisho juu ya mama aliyekosa chakula. Nimeombea hiyo hasira. Haijaisha yote, lakini naweza kushika kalamu.

Nataka uniulizie jambo moja. Muulize Chepkirui, usinijibu wewe, wewe utaniletea aya na aya ninazo. Hicho kinachoisha kwenye ini la kuku, kinarudi au hakirudi?

Nyakio


Cheptiret
19 Julai 2008

Nyakio dada yangu,

Hakuna aya humu. Nimeahidi.

Nilisoma barua yako nikiwa nimesimama na sijui nilikaa saa ngapi. Nisamehe. Sitaongeza neno juu ya hilo kwa sababu kila neno ninalotafuta linanihusu mimi na si Linah.

Nilienda chuoni mwenyewe kumtafuta Chepkirui. Alisoma barua yako akafunika uso. Halafu akasema niandike hivi, nami naandika vile alivyosema.

Kwanza, Linah si kuku. Anasema yeye alikuwa akiniambia habari ya ndege, na hakuna mtu aliyepewa ruhusa ya kuichukua akamvisha mama wa mtu. Watoto wa watu wanaozaliwa wadogo, yeye hajasomea, na hatasema asichojua. Nesi ndiye wa kusikilizwa, na nesi amesema anyonyeshe, basi anyonyeshe.

Pili, lile swali lako. Kwa kuku, kinarudi. Hakirudi haraka kama uzito. Kuku anaweza kuonekana mzima na bado ini lake halijajaza, ndiyo maana hafai kuharakishwa kutaga. Lakini akipata majani, akipata jua, akiachwa apumzike, kinarudi kidogo kidogo. Alirudia mara mbili, “Mwambie kinarudi. Mwambie pia kinachukua muda na si kosa la kuku.”

Nikarudi nyumbani na hayo maneno. Usiku sikulala vizuri. Nilikuwa nimekuambia njoo, mambo yamerudi, na huku kuku zako bado nimewafungia gizani kwa sababu naogopa jirani. Kama mambo yamerudi, mbona kuku wa Nyakio hawawezi kutoka nje?

Asubuhi, baada ya kukamua, niling'oa bati na nikafungua mlango wote wazi. Hawakutoka. Walisimama kizingitini wakipepesa macho. Jogoo ndiye alitoka kwanza, akaanguka, akainuka akajifanya hakuanguka. Nikachukua sufuria ya mahindi nikawaita, nikawaongoza kwa mguu, peupe, nikapita nao langoni, nikavuka barabara mpaka kwako. Nikaingia kwa shamba lako nikaanza kukata thabai ukutani. Mikono iliwaka moto. Sikujali.

Kipyego alikuwa hapo, anahamisha ng'ombe. Akasimama. Akasema, “Mama Chepkirui, hao si kuku wa yule mama?”

Nikasema, “Ndio.”

“Wametoka wapi?”

“Stoo yangu.”

Halafu akacheka kidogo, si kicheko kizuri wala kibaya. “Kwani ulidhani sisi ni viziwi? Huyo jogoo anawika humo tangu Februari. Tulikuwa tunakungoja tuone utawatoa lini, au utawala.”

Nyakio, niliendelea kukata thabai. Nikamwambia, “Sijawala. Walikufa njaa karibu wote na hawa waliobaki hawajapona, wanataka haya majani, na haya majani yako kwa mwenyewe.”

“Na mwenyewe anarudi?”

Wewe hujaniambia. Nikamwambia, “Hiyo utamuuliza yeye. Mimi nimeleta kuku zake kwake.”

Alipiga ng'ombe mmoja kiboko ambacho hakikuwa na sababu, akaenda. Jioni Kigen alisikia. Nilifikiri atagomba. Alimaliza chai yake, halafu akasema, “Kesho nitakuja na panga, wewe umevimba mikono.” Sasa tunakwenda wote wawili kila asubuhi. Vijana wanapita wanatazama. Mmoja alitema mate. Mwingine, nisiyemtarajia, Jeruto wa duka, alileta sukuma wiki zilizonyauka, akasema ni za kuku.

Kigingi cha ng'ombe wa Kipyego kilikuwa bado hapo. Leo ni wiki ya pili tangu alipotukuta, na asubuhi ya leo sikukiona. Mpeasi uko. Una maua kidogo.

Sikuambii njoo.

Naomi


Cheptiret
4 Desemba 2008

Dada Nyakio,

Namtuma Walubengo na katoni. Nimepanga mayai ndani ya punje za mahindi ili yasigongane, na nimemwapisha asikimbize lori kwenye matuta.

Kuku walikaa bila kutaga miezi mitano na mimi sikuwasukuma. Walianza tena mwezi wa kumi na moja, wenyewe. Mwaka huu hawatafungishwa, hilo nimeamua bila kukuuliza. Sisi nasi kanisani tutaomba tukiwa tumekula, mchungaji hakukataa.

Sijapasua hata moja ya haya. Nilitaka mpasue ninyi.

Msalimie mtoto. Hujaniambia jina lake na sijauliza.

Naomi


Nyahururu
15 Desemba 2008

Mama Chepkirui,

Katoni ilifika, mawili tu yalipasuka, Walubengo alikuja mlangoni ameinamisha kichwa kama mtu aliyeua.

Nilimwita Linah. Nikamwambia, “Chukua moja, pasua wewe.” Hakutaka. Akalishika kwa muda mrefu mkononi, na mtoto yuko mgongoni, anavuta nywele zake. Halafu akaligonga kwenye bakuli.

Naomi, kiini kilikuwa njano. Njano ile ya maboga, imekaa imara, imeinuka. Linah alitikisa bakuli kidogo, nacho hakikuvunjika, kilicheza tu pale katikati. Akalipika. Kiini akakiponda na kijiko, akamlisha mtoto kidogo kidogo, kwa sababu sasa amefika umri wa kuonja. Mtoto alitema tonge la kwanza. La pili akalimeza, akafungua mdomo tena kama ndege, uso wote umepakwa. Linah alicheka. Nilikuwa sijasikia hicho kicheko tangu tukiwa kwetu. Bado mtoto ni mdogo kuliko wenzake, nesi anasema tuwe na subira, na nimekubali kuwa na subira. Jina lake ni Joash.

Mengine nimeyalalisha chini ya kuku wa shemeji yangu. Nataka nione vifaranga wanaosimama.

Sasa sikiliza. Nimezungumza na kaka na nimezungumza na Mungu. Januari nitakuja. Sisemi kukaa. Sijui kama nitaweza kukaa, na usiniulize ukiwa unanimiminia chai. Nitakuja nione kuta, nione mpeasi, niwaone kuku, na Linah anataka kuja na mtoto. Walubengo amesema atatuleta, na anataka kutushusha kwenye mlango wako wa nyuma, giza likiingia, ili watu wasitazame. Nimemkatalia. Nimemwambia atushushe barabarani saa sita mchana, hapo mbele ya duka la Jeruto, na tutatembea kwa mguu.

Kwa hivyo uwe langoni, Naomi. Na nikifika usiniweke stoo.

Nyakio